Usajili wa Kariakoo, masikio ya Mwanjelwa

Januari 2025 klabu iliyokuwa mkiani mwa Ligi Kuu Bara ndiyo iliyotikisa dirisha dogo. KenGold ya Chunya, iliyokuwa imepanda daraja msimu huohuo na kuutumia Uwanja wa Sokoine jijini Mbeya, iliwashusha Bernard Morrison, Obrey Chirwa na Kelvin Yondani. Ni majina yasiyohitaji utambulisho. Morrison amevaa jezi za Yanga na Simba, na sakata la kuhama kwake mwaka 2020 lilifika hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo. Chirwa, Mzambia, alizifumania nyavu akiwa Yanga na Azam. Yondani alikuwa nguzo ya ulinzi wa Yanga na Taifa Stars kwa miaka mingi. Mhariri wa michezo hakuhitaji kuumiza kichwa kutafuta kichwa cha habari.

Msimu ulipoisha KenGold ilikuwa ya mwisho, ikarudi Ligi ya Championship.

Hapo ndipo lilipo tatizo la habari za usajili kwa shabiki wa Nyanda za Juu Kusini. Timu inayoburuza mkia baada ya nusu msimu ina ugonjwa wake, na ugonjwa huo una jina. Huenda inaruhusu mabao mengi kupitia pembeni, huenda viungo wake hawafiki kwenye eneo la hatari, huenda haina mfungaji kabisa. Mchezaji mpya ni dawa ya ugonjwa fulani, la sivyo ni pambo. Shabiki wa Chunya aliyelipa nauli kushuka hadi Sokoine alistahili kuambiwa Yondani anakuja kuziba pengo la nani, Chirwa atalishwa mipira na nani, na Morrison alikuwa amecheza dakika ngapi za mashindano katika miezi ya karibuni. Majina makubwa yalimpa furaha ya wiki moja. Maswali hayo matatu yangempa picha ya miezi minne iliyokuwa mbele yake.

Ukiichambua habari ya usajili ya kawaida nchini, utakuta imejengwa kwa hatua zilezile. Kwanza inatoka tetesi, ikibebwa na "mtu wa karibu na klabu" au "kigogo ambaye hakutaka jina lake litajwe". Kisha kiongozi anakanusha kwa maneno ambayo hayakanushi kitu: kila mchezaji mzuri anawindwa. Halafu klabu inarusha picha ya mtu aliyetiwa kiza, mabega tu yanaonekana, na mashabiki wanakesha wakibishana ni nani. Saa sita usiku anatambulishwa akiwa na jezi na skafu. Kesho yake redio zinagombania sauti yake akisema amefurahi kujiunga na klabu kubwa. Hatua zote tano zinajibu swali moja: nani amekuja? Na kwa kuwa mara nyingi anayekuja anakuja Simba au Yanga, habari nzima inaandikwa ukiwa umesimama Kariakoo, kati ya Msimbazi ya Simba na Jangwani ya Yanga, ukitazama basi linaloingia.

Msomaji wa Mwanjelwa, Mbeya, au Mlandege, Iringa, anasimama upande wa pili wa safari, basi linapoondokea.

Marekani wana utaratibu wao wa kugawana wachezaji, drafti, na ni vizuri kuutazama kwa sababu unaonyesha wazi kinachokosekana huku. Ligi ya soka la Kimarekani, NFL, imekuwa ikiufanya tangu 1936. Timu ni 32, raundi ni saba, na iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita ndiyo inayochagua kwanza, isipokuwa ikiwa imeuza zamu yake. Mwaka 1980 kituo cha ESPN kilipoomba kuonyesha shughuli hiyo moja kwa moja, kamishna wa ligi, Pete Rozelle, alitilia shaka kama kuna mtu angetaka kutazama majina yakisomwa ukumbini. Mwaka 2024 mjini Detroit waliojitokeza kwa siku tatu walihesabiwa kuwa zaidi ya laki saba na elfu sabini. Hakuna mpira uliochezwa hata dakika moja.

Hawakwenda kusikiliza majina matupu. Wiki nyingi kabla ya siku ile, magazeti na televisheni huwa zimeshamweleza shabiki timu yake inapungukiwa nini, nafasi kwa nafasi. Anajua zamu ya timu yake ni ya ngapi. Anajua kila kijana anakimbia kwa kasi gani, ana uzito gani, alifanya nini chuoni, aliumia lini. Jina linapotajwa, yeye tayari ana kipimo mkononi, anaweza kushangilia au kuzomea kwa hoja. Uchambuzi unatangulia, tukio linafuata. Kwetu tukio hutangulia, na uchambuzi ukija huja timu ikishafungwa mechi nne.

Watanzania wamewahi kuwa na mtu wao kwenye shughuli ya namna hiyo, ingawa ni ya kikapu. Juni 2009 Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alichaguliwa wa pili katika drafti ya NBA na Memphis Grizzlies, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry wa saba. Nchi nzima ilijua urefu wake, futi saba na inchi tatu. Wachache mno waliambiwa Memphis ilikuwa na nani katikati, ilitaka kucheza namna gani, na kijana aliyechelewa kuanza kikapu alihitaji muda gani kuiva. Kufikia 2014 alikuwa ametoka kwenye ligi hiyo, na wengi hapa nyumbani waliona kama muujiza uliogeuka. Waliokuwa wamesoma habari za nafasi na mahitaji hawakushangaa sana.

Katika soka la Bongo zamu zimegeuzwa. Hakuna drafti, kuna mkoba wa fedha, na wa kwanza kuchagua ni yule aliyemaliza juu. Mfano unaofundisha kuliko yote ni wa katikati ya mwaka 2018. Simba ilikuwa imetwaa ubingwa wa 2017/18, na mfungaji bora wa ligi, Emmanuel Okwi mwenye mabao 20, alikuwa wake. John Bocco naye alikuwa wake. Kisha ikamleta Meddie Kagere kutoka Gor Mahia ya Kenya. Katika dirisha hilohilo ikachukua washambuliaji watatu wa ndani: Adam Salamba wa Lipuli ya Iringa, Mohamed Rashid wa Tanzania Prisons ya Mbeya, na Marcel Kaheza wa Majimaji ya Songea. Klabu tatu za kusini, kila moja ikapoteza mpachika mabao wake kwa wakati mmoja.

Hesabu yake haikuhitaji mtaalamu. Kocha anayecheza na washambuliaji wawili, mwenye Okwi, Bocco na Kagere, ana nafasi ngapi za kuwapa vijana watatu wapya? Kagere alimaliza msimu uliofuata akiwa mfungaji bora kwa mabao 23. Salamba na Rashid hawakupata namba ya kudumu. Mchambuzi aliyekuwa na karatasi na kalamu Juni 2018 angeweza kuliandika hilo kabla halijatokea, na huo ndio uchambuzi ambao shabiki wa Iringa na Mbeya alikuwa na njaa nao. Kwake habari ilikuwa na pande mbili. Kijana wetu atacheza? Na sisi tuliobaki, mabao atafunga nani?

Upande huo wa pili ulikuwa na jibu zuri Iringa, na ni ajabu jinsi lilivyopata nafasi ndogo. Lipuli, Wanapaluhengo, walikuwa wamerudi Ligi Kuu msimu wa 2017/18 baada ya miaka mingi nje, chini ya kocha Selemani Matola. Salamba alipoondoka timu haikufa. Mei 2019, kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, Lipuli iliifunga Yanga 2-0 Uwanja wa Samora kwa mabao ya Daruweshi Saliboko na Paul Nonga. Nonga aliwahi kuichezea Mbeya City, kwa hiyo kwa shabiki wa ukanda huu hakuwa mgeni. Fainali ilichezwa Juni 1 Uwanja wa Ilulu, Lindi, na Azam ikashinda 1-0. Aliyefunga bao hilo ni Obrey Chirwa, huyuhuyu aliyekuja kushushwa Chunya miaka sita baadaye.

Namna Lipuli ilivyoziba pengo la Salamba ilikuwa makala ya kurasa mbili. Lakini mafanikio yale yalifungua tena mlango wa basi. Mwaka 2019 Miraji Athumani na Haruna Shamte walikwenda Simba. Baadaye Matola mwenyewe akaenda hukohuko kuwa kocha msaidizi. Mwaka 2020 beki David Kameta, maarufu Duchu, akafuata. Ukiongeza Asante Kwasi, beki wa Kighana aliyeondoka katika dirisha dogo la Desemba 2017, unapata mstari mnyoofu: kwa misimu mitatu mfululizo Samora ilitoa mtu kwenda Msimbazi. Msimu wa 2019/20 ulipokwisha Lipuli ilishuka daraja. Kila uhamisho uliandikwa peke yake, kama tukio lisilo na ndugu. Mtu akiupanga kwa tarehe anaona timu ikipungua kipande kwa kipande, na hapo kushuka kwake hakuonekani tena kama bahati mbaya.

Kisa cha Kwasi kina somo jingine la kiufundi. Iringa walimjua kama beki wa kati. Simba ilimpeleka kushoto, na kocha Pierre Lechantre alipotumia mabeki watatu nyuma, Kwasi akawa anapanda na kushuka upande huo huku Shomari Kapombe akifanya hivyo kulia. Habari iliyosema "Simba yanasa beki" ilikuwa ya kweli na haikusaidia kitu. Beki gani, wa mguu gani, katika mfumo gani, akichukua nafasi ya nani: hayo manne yangemwonyesha shabiki wa Lipuli kwamba Simba ilikuwa inanunua mbio na mipira ya kichwa kwa ajili ya pembeni, na kwamba yeye alikuwa anapoteza uti wa mgongo wa katikati.

Mbeya ilikuwa imepitia njia hiyo mapema zaidi. Mbeya City, timu ya halmashauri ya jiji iliyoanzishwa 2011, ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2013/14 na ikamaliza ya tatu, nyuma ya Azam iliyotwaa ubingwa bila kufungwa na Yanga iliyokuwa ya pili. Simba ilikuwa chini yake. Azam yenyewe ilitangazwa bingwa palepale Sokoine, Aprili 13, 2014, ilipoifunga Mbeya City 2-1. Mwaka 2015 Deus Kaseke alikwenda Yanga na Peter Mwalyanzi akaenda Simba. Kocha Juma Mwambusi naye, aliyeijenga timu ile, akahamia Yanga kuwa msaidizi wa Hans van der Pluijm. Kaseke alipokelewa Dar kama winga mwenye kasi. Mbeya alikuwa zaidi ya hapo, kwani mashambulizi ya timu nzima yalipitia kwake. Wazee wa Tukuyu hawakushangazwa na mfuatano huo, maana Tukuyu Stars, Banyambala wa Rungwe, walichukua ubingwa wa nchi mwaka 1986 katika msimu wao wa kwanza, na wachezaji wao nao wakatawanywa na klabu za Dar.

Kuna jambo moja ambalo habari za usajili hulificha hata pale zinapojidai kulifichua: fedha. Gazeti likiandika "dau la Sh50 milioni", msomaji hajui zimelipwa kwa nani. Fedha anayopewa mchezaji ili asaini ni kitu kimoja. Ada ambayo klabu inayonunua inailipa klabu inayouza, kwa kuwa mkataba haujaisha, ni kitu kingine kabisa. Kwa shabiki wa Simba tofauti hiyo haina uzito. Kwa shabiki wa Prisons au Lipuli ndiyo habari yenyewe, kwa sababu mchezaji aliyemaliza mkataba anaondoka na begi lake na klabu inabaki na shukrani. Kanuni za FIFA zinamruhusu aliyebakiza miezi sita kusaini mkataba wa awali na klabu nyingine. Kwa hiyo tarehe ya mwisho wa mkataba ni taarifa nzito kuliko dau, na bado ndiyo inayoandikwa mara chache zaidi.

Mara moja Watanzania walioneshwa mkataba ukiwa uchi, na haikuwa kwa juhudi za waandishi. Desemba 2022 kiungo Feisal Salum alitangaza kuachana na Yanga na kuweka Sh112 milioni kwenye akaunti ya klabu, milioni 100 za kuvunja mkataba na milioni 12 za mishahara ya miezi mitatu. Ghafla kila kijiwe kilijua kupiga hesabu ya mshahara wake wa mwezi. Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) iliamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga, na suala likazungumzwa hadi Rais Samia Suluhu Hassan akazitaka pande zimalizane. Juni 2023 akatua Azam. Miezi ile mashabiki walijadili vifungu, muda wa notisi na thamani ya mchezaji kwa umakini ambao wengi hudhani hawana. Aliyesema shabiki wa Kitanzania anapenda umbea tu alipaswa kukaa kwenye kijiwe cha kahawa cha Kabwe, Mbeya, au Kihesa, Iringa, wakati ule.

Iko pia fedha ya nyuma, inayozihusu zaidi timu ndogo. Mchezaji akiuzwa nje ya nchi mkataba wake ukiwa hai, asilimia tano ya ada hugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23: robo asilimia kwa kila mwaka hadi 15, nusu asilimia kwa kila mwaka kuanzia 16. Klabu ya Iringa iliyokaa na kijana akiwa na miaka 17 na 18 ina asilimia moja ya ada hiyo. Ada ikiwa dola laki tano, hiyo ni dola elfu tano, fedha inayoweza kulipia safari kadhaa za mikoani. Ili kuipata, usajili wa kijana yule lazima uwe kwenye kumbukumbu za TFF tangu siku ile. Je, timu ya mtaani kwetu ilimsajili kwa karatasi au kwa mdomo? Mwandishi wa redio ya Mafinga au Tukuyu anayeuliza swali hilo amefanya kazi kubwa kuliko aliyesambaza picha kumi za mabega gizani.

Prisons wanahitaji uchambuzi wa aina yao. Hii ni timu ya Jeshi la Magereza, na kwa mchezaji aliyeajiriwa humo, kuondoka ni kuacha kazi ya serikali pia. Ndiyo sababu ina wachezaji wanaodumu, na ndiyo sababu anayeondoka, kama kipa Beno Kakolanya aliyekwenda Yanga 2016, huwa amepima mambo mengi kuliko dau. Kumweka kwenye orodha moja na winga huru wa Championship ni kutojua unachokiandika.

Na uhamisho mkubwa kuliko wote katika ukanda huu haukuwa wa mchezaji. Novemba 29, 2022, Ihefu ilivunja mwendo wa Yanga wa mechi 49 za ligi bila kupoteza, ikishinda 2-1 pale Highland Estates, Ubaruku wilayani Mbarali, kwa mabao ya Never Tigere na Lenny Kissu. Oktoba 4, 2023, ikarudia matokeo hayohayo palepale. Mwaka 2024 timu ikahamia Singida, ikaishia kuitwa Singida Black Stars. Mikataba ya wachezaji ilikwenda na timu, nafasi kwenye Ligi Kuu ilikwenda na timu, na watu wa Ubaruku wakabaki na uwanja katikati ya mashamba ya mpunga. Nani alikuwa mmiliki kisheria, halmashauri na wananchi walikuwa na sauti gani, kanuni inaruhusu nini klabu ikibadili makao katikati ya msimu: hayo yalistahili mfululizo wa makala, si aya za mwisho chini ya tetesi za Jangwani.

Kwa hiyo shabiki wa huku anataka nini? Hataki kunyimwa tetesi, kwa kuwa tetesi ni utamu wa mpira na hakuna wa kuzizuia. Anataka kabla ya dirisha kufunguliwa aambiwe timu yake inapungukiwa nafasi ipi. Likiwa wazi, anataka aelezwe anayekuja amecheza dakika ngapi, wapi, na mkataba wake unaishia lini. Likifungwa, anataka orodha ya waliobaki iwe mbele ya orodha ya walioondoka. Na miezi sita baadaye anataka mtu arudi kwenye maneno yake, aseme usajili upi ulilipa na upi ulikuwa hasara. Hiyo ya mwisho ndiyo inayokwepwa zaidi, kwani inampima mchambuzi pamoja na klabu.

Kazi hiyo haitafanywa na dawati la Dar es Salaam, lenye watu wa kuwahudumia Simba na Yanga tu tangu asubuhi hadi usiku. Itafanywa na wenye Sokoine na Samora mlangoni kwao. Vituo kama Bomba FM na Dream FM vya Mbeya, Ebony FM na Nuru FM vya Iringa, vina wasikilizaji wanaowajua wachezaji hawa tangu wakicheza mchangani. Mtangazaji mmoja anayehudhuria mazoezi, akiandika kwenye daftari umri, mguu, dakika na mwisho wa mkataba, atakuwa na kumbukumbu isiyopatikana kwingine kokote nchini. Mbeya City ilirudi Ligi Kuu msimu wa 2025/26, na Prisons ilikuwa bado ipo msimu huo. Iringa haina timu ngazi hiyo tangu Lipuli iliposhuka 2020. Waandishi wa Iringa waanze daftari lao sasa, na timu za madaraja ya chini, kabla mawakala hawajafika.